Hesabu ya Chungu cha Jirani

Mwezi wa sita mwaka huu nilikwenda Mogitu kugawana na ndugu zangu shamba la bibi, na kabla sijamaliza kusalimia watu, shangazi mmoja akanivuta mkono hadi mbele ya vijana waliokaa kwenye benchi la nje.

"Mnamwona huyu?" akawaambia. "Huyu ndiye aliyemshinda yule mama wa ng'ombe kwa hesabu. Alikuwa na sare ya shule tu na kalamu. Yule mama aliondoka hapa akiwa ameinamisha kichwa, na hakurudi tena."

Vijana wakacheka, wakanipigia makofi. Mmoja akatoa simu anipige picha. Nilimwambia airudishe mfukoni, na sauti iliyonitoka haikuwa nzuri, maana shangazi aliniuliza kama safari imenichosha.

Safari kutoka Babati si ndefu kiasi hicho. Kilichonichosha ni hadithi hiyo. Nimeisikia kwenye harusi, nimeisikia kwenye misiba, na kila inaposimuliwa mimi nazidi kuwa mdogo na mwenye akili, na yule mama anazidi kuwa mwongo. Watu wa rika langu wakikutana husifu utoto wao, makande ya bibi, baridi ya asubuhi, majirani waliopendana. Hayo yote mimi pia nilikuwa nayo. Niliyapenda, na ndiyo maana nina hasira nayo hadi leo. Kaa hapa, rafiki yangu, nikusimulie ilivyokuwa.

Nililelewa na bibi, mama wa mama yangu, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye mlango wa mbao na kufuli kubwa, upande wa juu wa korongo. Mwezi wa saba ukungu ulikuwa unashuka kutoka Mlima Hanang hadi unagusa paa, na sisi tulikuwa tunaamka kabla haujaondoka. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchochea moto chini ya sufuria ya makande, ya pili kuchota maji, ya tatu kukata majani ya ng'ombe wetu wawili. Msimu wa maharage tulitandaza turubai uani tukayapura kwa fimbo, na vumbi lake lilikuwa linawasha shingoni mpaka jioni. Bibi alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani. Alikuwa na sauti ya kwanza kwenye kwaya na mikono migumu kama mpini wa jembe. Yeye aliishia darasa la nne, na aliapa kwamba mimi sitaishia popote.

Upande wa chini wa korongo lilikuwa boma la jirani yetu, mama mmoja wa watu wa ng'ombe. Sisi tulikuwa watu wa jembe. Pale kijijini tofauti hiyo haikuwa ndogo. Ng'ombe wao wakiingia kwenye mahindi yetu, maneno yalikuwa yanasemwa ambayo siwezi kuyataja hapa, na wao bila shaka walikuwa na ya kwao juu yetu. Lakini bibi na mama yule walielewana. Kila asubuhi nilishuka korongoni na bakuli la unga, nikapanda na maziwa. Maziwa yake yalikuwa na harufu ya moshi, maana vibuyu vyake alikuwa akivisafisha kwa kijinga cha moto. Alikuwa ananipa kwanza povu la juu ninywe nikiwa nimesimama, kisha ananifuta mdomo kwa kidole gumba chake. Aliniita binti. Bibi alimwita mama, ingawa alikuwa mkubwa kwake kwa miaka zaidi ya ishirini.

Mume wake alikuwa mzee wa heshima kwao. Alipofariki, alizikwa kwao Basotu, lakini mambo hayakuishia hapo kama kwetu. Kaburi la mtu kama yule hujengwa polepole kwenda juu kwa miezi mingi, na siku ya kulifunga watu wa koo zote huja, wakanywa pombe ya asali. Asali hiyo haiwezi kuwa kidogo. Ikipungua, ni kusema kwamba marehemu alikuwa mtu mdogo. Mama yule aliikusanya mwenyewe, kidogo kidogo, kwa ndugu zake wenye mizinga, akaijaza kwenye chungu kimoja cha udongo, cha mviringo kabisa, chenye shingo fupi kama ya mtoto.

Akaja nacho kwetu asubuhi moja, amekibeba kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mama. Umebeba nini tena?"

"Asali ya mzee wangu. Nakwenda Basotu kwa shemeji zangu kupanga siku ya kaburi. Nyumba yako ina kufuli. Yangu ina miiba tu."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka chumbani kwake, chini ya kitanda.

Mwaka huo nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya kata, na hesabu zilikuwa zinanishinda vibaya. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mkali, na Jumamosi alifundisha tuisheni nyumbani kwake kwa wanafunzi aliowachagua. Mimi sikuwa nimechaguliwa. Kisha, wiki ile ile jirani aliposafiri, bibi akaniambia nianze kwenda. Sikuuliza imekuwaje. Nilifurahi tu. Nilikuwa na kikohozi kibaya siku zile, lakini nilitembea saa nzima kwenye ukungu na daftari kifuani ili lisilowe.

Jumamosi moja mwalimu alitufundisha ujazo wa tufe. Alichora ubaoni duara, akalitia kivuli upande mmoja mpaka likaonekana kama mpira, akatuandikia kanuni. Alifundisha upesi na hakurudia. Nilinakili nilichoweza.

Jirani alirudi Jumapili, baada ya wiki mbili. Alikuja kwetu mchana na ndoo mbili za plastiki na jagi la lita moja, maana pombe ilikuwa ianze kutengenezwa. Bibi alitoa chungu uani, wakaanza kumimina. Mimi nilikuwa nimeshika ndoo. Mama yule alihesabu kwa lugha yake, kwa sauti ya chini, na mimi nilihesabu kwa Kiswahili moyoni. Jagi la kumi lilijaa. Lililofuata halikufika hata juu ya nusu. Akakiinamisha chungu, akakitikisa, akakigonga matako. Hakikutoka kitu.

"Mama," akasema, "asali yangu nyingine iko wapi?"

"Nyingine ipi? Asali yako ndiyo hiyo."

"Nilijaza majagi kumi na nne. Nilijaza mwenyewe, jagi hili hili. Hapa ni kumi na nusu."

"Basi ulihesabu vibaya."

"Sikuhesabu vibaya. Leteni maji. Tujaze chungu maji, tupime. Binti, lete maji."

Niliweka ndoo chini nikaelekea kwenye pipa. Nyuma yangu nikasikia miguu ikikwaruza. Nilipogeuka, wote wawili walikuwa wamekishika chungu. Bibi alikuwa anakivuta na mama yule alikuwa anakiachia taratibu, kwa kuogopa kuvutana na mtu mzima. Mara chungu kilikuwa mikononi mwa bibi peke yake. Mara kilikuwa kimeanguka juu ya jiwe la kunolea panga.

Kilipasuka mara moja, karibu katikati. Nusu ya chini ilibaki nzima kama bakuli. Nusu ya juu ilikuwa vigae.

Jirani alisimama akitazama mikono ya bibi. Aliitazama muda mrefu. Kisha akachukua ndoo zake, moja moja, akashuka korongoni bila kuaga.

Jioni haijafika, kijiji kizima kilikuwa kimejua. Watu wa kwetu walikuja uani mmoja mmoja kumpa bibi pole, na pole zao zilikuwa na furaha ndani yake. Walikuwa wamesubiri. "Ulikuwa unawapa unga," mwanamke mmoja akamwambia. "Umeona sasa shukrani yao?" Bibi alikaa kwenye kigoda akizipokea. Mwenyekiti wa kitongoji akaleta habari kwamba jirani amemshitaki kwake, na kesi ingesikilizwa Jumanne.

Nilimwonea huruma bibi. Kuitwa mwizi, yeye! Jumatatu nilipotoka shuleni nilikwenda nyuma ya banda, ambako bibi alikuwa ametupa vigae, nikaitoa ile nusu nzima. Niliitazama na nikaona picha ya mwalimu ubaoni. Nikachukua rula na kamba. Nikapima upana wake kwa ndani, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: sentimita thelathini. Nikapima kina chake: kumi na tano. Ilikuwa nusu kamili ya tufe, kama aliyekifinyanga chungu alikuwa amesoma kitabu chetu.

Nilikaa juu ya kuni, nikafungua daftari ukurasa wa mwisho. Nusu kipenyo kumi na tano. Kumi na tano mara kumi na tano mara kumi na tano. Zidisha kwa pai, ishirini na mbili juu ya saba. Gawanya kwa elfu moja upate lita.

Lita kumi nukta sita.

Sijui kama unaweza kuelewa nilivyojisikia. Jagi kumi na nusu, na hesabu inasema kumi nukta sita. Nilipiga magoti pale pale kwenye maganda ya maharage, nikamshukuru Mungu. Chungu kile hakikuweza kubeba majagi kumi na nne hata kidogo. Jirani alikuwa mwongo, na mimi nilikuwa na karatasi ya kuthibitisha. Sikurudia hesabu. Mtu harudii hesabu iliyompa jibu analolitaka.

Jumanne baada ya masomo tulikutana barazani kwa mwenyekiti. Watu walikaa juu ya magunia na wengine walisimama nje hadi kwenye ua. Watu wa ng'ombe walikuwa watatu tu: jirani, kijana wake mkubwa, na mzee mmoja aliyekuja kumsindikiza. Jirani alieleza yake. Bibi alieleza yake. Mwenyekiti akaniuliza kuhusu chungu kuvunjika, nami nikasema kilimponyoka bibi. Nilikiona mikononi mwake, kisha nikakiona chini; kilivyotoka mikononi sikuona, lakini nilisema kilimponyoka.

Kisha nikanyoosha mkono kama tuko darasani.

"Mwenyekiti, mimi naweza kuonyesha chungu kilikuwa kinabeba kiasi gani."

Nikaweka ile nusu ya chungu mezani, nikapima tena mbele yao, nikawaambia hiki kinaitwa tufe, na ujazo wake unatafutwa hivi na hivi. Nilikuwa na sauti ya mwalimu. Karani wa kijiji alipewa karatasi yangu aikague. Aliishika mbali na macho, akaileta karibu, akatikisa kichwa kwa kukubali, na leo najua hakuelewa hata mstari mmoja.

"Ni sawa," akasema. "Kumi nukta sita."

Barazani pakalipuka kicheko. Mtu akapiga kigelegele. Jirani alisimama.

"Mimi nilijaza kwa jagi," akasema. "Mara kumi na nne. Huyu mtoto hakuwepo."

"Mama, hesabu haina upande," mwenyekiti akamwambia.

"Ni hesabu yenu."

"Ni hesabu ya serikali. Inafundishwa shule zote. Wewe uliamini kwamba hapa hakuna aliyesoma?"

Kicheko kikazidi. Jirani aliniangalia mimi, si kwa chuki, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mwenyekiti akamwamuru amwombe bibi radhi mbele ya watu kwa kumwita mwizi. Alimwomba. Alisema, "Nisamehe mama," akiwa ameinamisha kichwa, na bibi akajibu, "Nimekusamehe."

Jioni hiyo tulichinjiwa kuku. Watu walinibeba begani, mimi msichana wa kidato cha tatu, kama mshindi wa mbio. Kesho yake asubuhi nilikutana na jirani njiani nikampa shikamoo, maana hata hivyo alikuwa mtu mzima. Alinipita. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza maishani shikamoo yangu kuanguka chini bila kupokewa, na nikamwambia bibi kwa majivuno kwamba yule mama hana adabu.

Jumamosi nilikwenda tuisheni. Mwalimu alikuwa anapita akikusanya madaftari. La kwangu likafunguka kwenye ukurasa wa mwisho.

"Hii ni nini?"

"Ni ujazo wa tufe, mwalimu."

"Hii?" Akanigonga kichwani na ncha ya kalamu nyekundu. "Theluthi nne iko wapi?"

Sikumwelewa.

"Nne juu ya tatu! Theluthi nne, zidisha pai, zidisha nusu kipenyo kipeo cha tatu. Nilichora ubaoni, nikaandika kubwa. Umeitupa wapi? Umeniletea robo tatu ya tufe. Hakuna kitu kinachoitwa robo tatu ya tufe." Akaandika jibu jipya pembeni kwa wino mwekundu. "Kumi na nne nukta moja. Ona tofauti. Bibi yako ni mama mwema, ameniletea kidumu kizima cha asali ili nikushughulikie, na wewe unamwangusha hivi. Msalimie. Mwambie watoto wangu wanaifurahia."

Akaendelea kwa mwenzangu aliyekaa nyuma.

Nakumbuka nilikaa nikitazama ile kumi na nne. Bibi hakuwa na mizinga. Hatukuwahi kununua asali. Saa nzima ya kurudi nyumbani nilijaribu kutafuta njia nyingine ya hesabu hiyo kuwa sawa, na haikuwepo.

Nilimkuta uani anapura maharage. Hakuacha kupiga fimbo.

"Bibi. Chungu kilikuwa kinabeba lita kumi na nne."

Fimbo ikapiga. Ikapiga tena.

"Mwalimu anakusalimia. Anasema watoto wake wanaifurahia asali."

Hapo akasimama. Alijifuta uso kwa kanga, na nilitegemea aseme kitu cha kunisaidia, aseme aliinunua, aseme alipewa na mtu. Nilikuwa tayari kuamini chochote.

"Ulitaka nimpelekee nini?" akaniuliza. "Maharage? Kila mzazi anampelekea maharage. Umewahi kuona mtoto amechaguliwa kwa maharage?"

"Ilikuwa ya kaburi la mume wake."

"Kidumu cha lita tatu tu. Nilidhani atakaa kule mwezi mzima. Ningeirudisha kabla hajaja."

"Majagi matatu na nusu yalipungua, bibi."

"Hiyo nusu uliinywa wewe. Ulidhani chai uliyokuwa unakunywa na kikohozi chako ilikuwa tamu kwa sukari?"

Nikamuuliza lile jingine. "Chungu kilikuponyoka?"

Alinisogelea, akanishika kidevu kwa ule mkono wake mgumu.

"Nenda kamwambie," akasema. "Njia unaijua. Nenda ukaseme bibi yako ni mwizi, na wewe ulisimama barazani ukadanganya. Halafu utalala wapi leo? Nani atakupeleka shule kesho? Nenda."

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilibaki nimesimama hadi mahali pale pakaanza kuwa baridi. Nilitembea mpaka ukingo wa korongo. Niliona moshi wa jirani, nikasikia kengele za ng'ombe wakirudishwa bomani. Nikarudi nyumbani nikala ugali.

Sikwenda siku ile. Sikwenda kesho yake. Nilijiambia nitakwenda baada ya mtihani wa mwezi. Siku ya kaburi ikapita huko Basotu, na wiki mbili baadaye shemeji za jirani walikuja na vijana wao, wakawatoa ng'ombe wote bomani, wakaondoka nao. Yeye aliwafuata nyuma na watoto na mzigo kichwani. Watu wa kwetu walisimama kando ya njia wakitazama. Mwanamke mmoja akasema, "Mwongo hadumu," na wengine wakaitika kama wako kanisani. Bibi hakutoka nje siku hiyo. Alisema anaumwa mgongo.

Niliishi naye miaka miwili zaidi. Alinipikia, nikamfulia, tukasali pamoja kabla ya kula, na hatukuongea tena juu ya jambo lile hata mara moja. Nilianza kumwogopa, kisha nikaanza kumdharau, na katika dharau hiyo niliendelea kwenda tuisheni kila Jumamosi, kwa sababu ilikuwa imekwisha kulipiwa. Nilifaulu. Nikaenda chuo cha ualimu. Alipofariki, mchungaji alisimama mbele ya jeneza akamsifu kwa uaminifu, akasimulia hata kisa cha chungu, watu wakatabasamu katikati ya machozi wakanigeukia. Niliitazama sakafu. Nilimlilia bibi siku hiyo kwa uchungu wa kweli, na nilikuwa nimemkasirikia kiasi kwamba sikuweza kutupa udongo kaburini. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja na hadi leo hayajaachana.

Sasa nafundisha hesabu mjini Babati. Kila mwaka naufikia ujazo wa tufe, na kila mwaka natamani niuruke. Siufundishi kwa kanuni peke yake. Nawapa wanafunzi mpira uliokatwa katikati na kopo lenye upana na kina sawa na vya nusu mpira, nawaambia wajaze mchanga wamimine. Wanaona wenyewe kwamba nusu mpira inajaza theluthi mbili za kopo, na mpira mzima theluthi nne. Hawasahau tena. Wenzangu wanasema mimi ni mwalimu mzuri. Sijawahi kuwaambia kwa nini nafoka mtoto akiniuliza kama theluthi nne ni lazima iandikwe.

Asubuhi baada ya kugawana shamba nilichukua pikipiki kwenda Basotu. Sikubeba zawadi. Kumpelekea asali ingekuwa matusi, na kitu kingine chochote kingekuwa matusi vilevile. Niliulizia mara tatu, nikaelekezwa kwenye nyumba ndogo ya bati kando ya boma la shemeji yake, na hapo nikamkuta anachambua mtama kwenye ungo. Alikuwa amezeeka sana. Nilimwamkia, akaniitikia kama anavyomwitikia mgeni yeyote. Nilipomtajia bibi yangu ni nani, mikono ilisimama.

Nilimweleza yote. Kidumu, chai, chungu kilichoponyoka, theluthi nne. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, akaniambia nami yale nisiyoyajua: kwamba pombe iliisha kabla wazee wa upande mmoja hawajaonja, kwamba walinyanyuka wakaondoka kaburini, kwamba shemeji zake walisema ameila asali ya mume wake, na tangu siku hiyo hakuwahi kuwa na ng'ombe wa kumwita wake. Aliyasema kwa sauti ya kawaida. Kisha akauliza:

"Ulijua lini kwamba umekosea?"

"Jumamosi. Jumamosi ile ile baada ya baraza."

Alihesabu kwa vidole, kwa lugha yake, kama alivyohesabu majagi.

"Kaburi tulilifunga Jumatatu ya pili baada ya hapo. Zilikuwa zimebaki siku tisa. Kaka yangu wa Gitting alikuwa na mizinga. Ningetuma kijana. Pombe ingewahi."

Nikasema, "Nisamehe mama."

"Bibi yako nilijua ni mwizi," akasema. "Nilijua siku ile ile, niliona mikono yake ilivyofunguka. Lakini wewe. Watoto wangu walipokuwa wanakutukana, mimi niliwakataza. Niliwaambia yule binti hana kosa, alihesabu kama alivyofundishwa, akakosea tu. Miaka yote hii niliwaambia hivyo."

Akauinua ungo, akaingia ndani, na mlango ukafungwa bila kishindo. Mwenye pikipiki aliniuliza kama twende. Nilikuwa nimekuja kutua mzigo, rafiki yangu. Nilikuta mahali pamoja duniani ambapo nilikuwa bado mtoto asiye na kosa, palitunzwa na mtu niliyemharibia maisha, na nikapafuta kwa mdomo wangu mwenyewe, mchana kweupe.